Meno ya Nailoni: Kwa Nini Daktari wa Meno Arudi Kutafiti?

Sifa zote njema ni za Allaah.

Wengi wetu visiwani tuna jamaa Tabora na Ujiji, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Huku na huko, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, wapo wanaosema ana "meno ya nailoni", apelekwe kwa mganga akang'olewe. Madaktari wameikuta imani hii Tanzania tangu miaka ya 1980.

Ukweli ni kuwa ule uvimbe mweupe kwenye ufizi ni chonge la utotoni ambalo bado halijaota. Kulichimba kwa chombo kichafu huleta kutoka damu, pepopunda, hata kifo, na huweza kuharibu chonge la ukubwani.

Daktari kliniki humtibu aliyekwisha kuumizwa. Akifanya utafiti wa uzamivu huuliza: mama ameaminije, na atamsikiliza nani? Ndiyo maana wengine hurudi darasani.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kudhuru na akahimiza kutafuta tiba. Basi mtoto akiharisha, mpeni maji ya ORS na mumuwahishe hospitali.

Wa Allaahu A'lam.