Jiko la Kuni la Kupikia na Kuota

Ndugu mkulima, wewe unayeishi Mufindi, Kilolo, Uporoto au Rungwe, baridi ya Juni na Julai unaijua. Asubuhi nyingine sakitu imefunika majani ya viazi, na jioni nyumba nzima inakimbilia jikoni. Kwetu moto una kazi mbili: kupika na kuota. Leo tutazungumza juu ya kuchagua jiko la kuni linaloziweza zote mbili, na jinsi ya kulijenga.

Mafiga matatu yanatoa joto la kuota, hilo hatukatai. Lakini joto jingi linapita kando ya chungu, na moshi wote unabaki ndani. Moshi huo humletea mama kikohozi na macho mekundu, na mtoto wa mgongoni homa ya mapafu. Wengine huukimbia kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ndugu, usifanye hivyo hata usiku mmoja! Mkaa ukishashika hauonyeshi moshi, lakini unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, halali akaamka.

Basi uchague jiko gani? Jiko dogo la kubeba hupunguza kuni, lakini halina bomba, kwa hiyo lipikie nje au barazani. Jiko la chuma lenye bomba hupasha chumba upesi, ila bei yake ni kubwa na moto ukizima nalo hupoa. Jiko la udongo lenye bomba la moshi linakufaa zaidi. Huchelewa kupata moto, lakini kuta zake nene huendelea kutoa joto baada ya chakula kuiva. Hilo ni jambo kubwa. Jiko linalobana moto mpaka chumba kikawa baridi halidumu; bibi atawasha mafiga pembeni, na moshi utarudi.

Sasa tujenge.

Kwanza, udongo. Chukua wa kichuguu, changanya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Finyanga donge, likauke kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka, ongeza udongo.

Pili, mahali. Jenga karibu na ukuta, mbali na kitanda na mlango wenye upepo.

Tatu, matundu. Weka matundu mawili ya vyungu, moto upite la kwanza, kisha la pili, halafu bombani. Pima kwa vyungu unavyotumia, nafasi pembeni isizidi upana wa kidole. Mdomo wa kuni uwe mdogo. Chini ya kuni panga vipande vya nondo ili hewa ipite. Tundu lisilo na chungu lifunikwe.

Nne, bomba. Tumia matofali ya kuchoma au bati, upana wa ndani sentimeta 10 hadi 15. Lipite juu ya kilele cha paa, si kuishia dirishani, na lifunikwe kofia ya kuzuia mvua. Kama paa ni la nyasi, bomba la bati lisiguse nyasi hata kidogo. Pitisha la matofali nje ya ukuta.

Tano, subira. Acha jiko likauke wiki mbili au tatu, kisha anza na moto mdogo.

Pengine utauliza juu ya kuni. Zipasue na uzianike chini ya paa miezi sita, maana kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji. Miwati na mikaratusi hukaa na moto. Mabanzi ya misindano kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga ni mazuri kuwashia, lakini utomvu wake huleta masizi. Safisha bomba kila mwezi na uzibe nyufa mara uzionapo.

Hata ukiwa na jiko hili, usilale na moto unaowaka, na acha tundu la hewa ukutani. Hapo mtaota moto bila kuvuta moshi. Kazi njema, ndugu mkulima.