Mvua ya Lushoto ilivyohamia Same

Mwezi mmoja kabla ya kukabidhi tasnifu yangu nilikuwa na ukurasa wa wavuti niliojivunia sana. Unachagua wilaya, unaona grafu ya mvua yake mwezi kwa mwezi. Rafiki yangu mzaliwa wa Same akaufungua, akabofyabofya, halafu akacheka: "Mvua yote hii kwetu imeanza lini?" Anayeijua Same, iliyo upande mkavu wa milima ya Upare, ataelewa kicheko hicho. Mimi sikucheka. Grafu zile zilitakiwa kwa maafisa ugani wiki ileile.

Nikakagua data ya Same: iko sawa. Nikabofya Same: grafu iko sawa. Nikarudia mara kumi, sawa tu. Kosa linalowatokea wengine na kwako halitokei, hilo ndilo linaloumiza kichwa.

Kivinjari huendesha JavaScript ya ukurasa jambo moja kwa wakati. Kingesimama kusubiri seva, ukurasa mzima ungeganda. Kwa hiyo ukiita fetch, ombi linaondoka nawe unapewa papo hapo Promise, yaani ahadi tu; jibu litakuja litakapokuja. Ndiyo maana anayeanza hukutana na undefined: amekwenda kusoma data ambayo haijafika. Ni sawa na kuagiza chipsi mayai, ukapewa namba ya kusubiria, ukaanza kutafuna namba.

Dawa ya hapo ni await, ambayo husimamisha fanksheni yake tu, siyo ukurasa wote. Mimi nilikuwa nimeiweka kila mahali, nikajiona nimemaliza. Kumbe await inasubiri ombi lake yenyewe. Haijali maombi mengine yanafika kwa mpangilio gani. Rafiki yangu alibofya Lushoto, akaghairi, akabofya Same. Maombi mawili yakawa njiani. Faili la Same ni dogo, likawahi. La Lushoto, kubwa, likaja nyuma na kuchorwa juu yake. Jina la wilaya nililibadilisha palepale mtu anapobofya, kwa hiyo likabaki Same. Kwangu halikuonekana kwa sababu seva ilikuwa kwenye kompyuta yangu mwenyewe, majibu yanarudi kufumba na kufumbua.

Ukishuku kosa la aina hii, bonyeza F12, nenda kwenye Network, uchague kasi ndogo ya mtandao, kisha bofya kwa fujo kama mtu asiye na subira. Pale utaona kila ombi lilianza lini na kuisha lini. Langu nililiona ndani ya dakika mbili, baada ya siku mbili za kukodolea macho msimbo.

Tiba ni kulipa kila ombi namba:

let zamu = 0;
async function onyesha(wilaya) {
  const yangu = ++zamu;
  const jibu = await fetch("/mvua/" + wilaya);
  if (!jibu.ok) throw new Error("Seva: " + jibu.status);
  const data = await jibu.json();
  if (yangu !== zamu) return;
  chora(data);
}

Jibu likifika na kukuta zamu imeshasogea, linatupwa. Unaweza pia kutumia AbortController kulikata ombi la zamani, nayo inaokoa bando la mtumiaji, ila ujiandae kulidaka kosa la AbortError, la sivyo utamtisha mtu bure.

Na ule mstari wa jibu.ok usiuruke. Kwa fetch, 404 au 500 siyo kushindwa. Ahadi inavunjika kwa mambo kama mtandao kukatika. Usipokagua, jibu.json() itajaribu kusoma ukurasa wa HTML wa kosa, halafu italalamikia alama ya "<" nawe utaanza kutafuta ubaya kwenye data isiyo na hatia.

Grafu nilizokuwa nimeshazihifadhi kama picha nilizichora upya zote. Mbili zilikuwa na mvua ya jirani.