Kupatwa kwa Mwezi na Kikomo cha Jua

Mwezi ukiingia katika kivuli cha dunia, Waswahili husema umepatwa. Neno hili latoka katika kitenzi pata, nalo laleta maana ya kushikwa, kana kwamba kuna kitu kilichoukamata. Kikomo cha jua cha Desemba ni jambo jingine: ni wakati ambapo jua, katika safari yake ya mwaka, hufika mwisho wa kusini na kuanza kurudi. Katika nchi za kaskazini ndipo usiku huwa mrefu kupita wote.

Tarehe 21 Desemba 2010 mambo haya mawili yalisemwa kuwa yamekutana siku moja. Kwa hesabu ya Greenwich halikuwa limetukia hivyo tangu mwaka 1638, wala halitatukia tena mpaka 2094. Mwezi ulifunikwa wote kwa dakika 72. Watu wa Amerika ya Kaskazini waliuona juu sana angani. Kwa maana mwezi ukipatwa hukaa mkabala wa jua, na jua likiwa kusini kabisa, mwezi huwa kaskazini.

Lakini tuulize: siku moja kwa hesabu ya nani? Kule New York mwezi ulianza kufunikwa wote saa 8 na dakika 41 usiku, na jua likafika kikomo saa 12 na dakika 38 jioni, tarehe ile ile. Saa hiyo jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku mpya huanza jua lichwapo. Basi wao wangaliyaweka mambo haya katika siku mbili. Katika Afrika ya Mashariki mwezi ulipatwa mchana wa Jumanne, ukiwa chini ya upeo wa macho, watu wasiuone. Kikomo kikaja saa 8 na dakika 38 usiku, tarehe 22, usiku ambao kwa desturi hiyo ni wa Jumatano.

Kwa hiyo kilichokutana ni tarehe tu. Kati ya mambo yenyewe zilipita saa 15 na zaidi. Hapana sababu ya kuyafanya ishara ya kuogofya. Nasi tunaofasiri habari za mataifa tuangalie: neno siku ni jepesi kulitamka, lakini kila watu wana mahali pao pa kuianzia.