Vinyago vya resini: Sanaa ya nyumbani inayodai subira, barakoa na idhini

KWA watu wengi, kinyago cha kuchezea ni kitu cha mtoto, kinachonunuliwa dukani leo na baada ya wiki moja kikaonekana jalalani.

Hata hivyo, wapo watu wazima, hususan nchini Japani, Marekani na katika nchi za Ulaya, ambao hutumia saa zao za mapumziko kusubu vinyago kwa mikono yao wenyewe, kuvipaka rangi na kuvibadili sura kadiri wanavyopenda.

Malighafi yao kuu ni resini ya poliurethani. Hii ni aina ya plastiki ambayo huuzwa ikiwa vimiminika viwili katika chupa mbili tofauti. Vinapochanganywa kwa kipimo sahihi, vimiminika hivyo huanza kutoa joto, na baada ya dakika chache huwa kitu kigumu kinachoweza kukatwa, kutobolewa na kupigwa msasa.

Pengine msomaji atajiuliza, kwa nini mtu ahangaike na chupa hizo ilhali viwanda vinatoa vinyago kwa maelfu? Jibu lipo katika gharama ya kalibu.

Kiwanda humimina plastiki katika kalibu za chuma. Kalibu hizo ni ghali mno, na gharama yake hurudi tu endapo vitauzwa vinyago vingi. Anayefanya kazi hii nyumbani hutumia kalibu ya mpira wa silikoni, ambayo ni rahisi kutengeneza lakini huchakaa baada ya kutoa nakala chache, kwa kawaida makumi tu. Kwa hiyo, resini humwezesha mtu mmoja kutengeneza kile ambacho hakuna kiwanda kingekubali kukitengeneza.

Japani ndiyo nchi ambayo sanaa hii imepata mizizi mirefu zaidi. Huko, seti za resini zinazotengenezwa na wasanii wadogo hujulikana kwa jina la "garage kit", kwa maana kwamba zimetoka katika banda la nyumbani na si kiwandani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wa filamu za katuni na za mazimwi walianza kujitengenezea vinyago vya wahusika ambao makampuni makubwa hayakuwajali. Miongoni mwa waliosukuma mbele kazi hiyo ni Kaiyodo, iliyoanza mwaka 1964 ikiwa duka dogo la vifaa vya kuunda katika mkoa wa Osaka.

Mwaka 1985 lilianza rasmi tamasha liitwalo Wonder Festival, ambalo tangu mwaka 1992 limekuwa likiandaliwa na Kaiyodo. Tangu mwaka 2009 makao yake ni ukumbi wa Makuhari Messe, mkoani Chiba, karibu na Tokyo, na kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi na wakati wa joto.

Kazi yenyewe huanza kwa kinyago mama. Msanii hukifinyanga kwa udongo maalumu au puti, na siku hizi wengi hukichora kwenye kompyuta kisha wakakichapa kwa mashine ya 3D. Kinyago hicho hupigwa msasa mpaka kiwe laini kabisa, kwa sababu silikoni hunakili kila kitu, hata alama ya kidole.

Kisha hulazwa ndani ya kisanduku, nusu yake ikiwa imezikwa katika udongo laini, na silikoni humiminwa juu. Ikishaganda, kisanduku hugeuzwa, udongo huondolewa, na upande wa pili humiminwa.

Hapa ndipo wanagenzi wengi huharibikiwa. Silikoni haishiki vitu vingi, lakini hushikana na silikoni nyingine. Asiyepaka kilainishi, kama mafuta ya mgando, katikati ya nusu hizo mbili, hujikuta na bonge moja lisilofunguka, huku kinyago chake kikiwa kifungoni ndani yake.

Aidha, zipo silikoni za aina mbili: zinazogandishwa kwa kemikali ya bati na zinazogandishwa kwa platini. Zile za platini hudumu zaidi na hazisinyai sana, lakini hukataa kuganda zikigusa udongo wenye salfa.

Adui mwingine ni viputo vya hewa. Kiputo kimoja kikinasa kwenye ncha ya pua au ya kidole, nakala hutoka na kilema. Mafundi waliobobea huweka kalibu iliyojaa resini ndani ya tungi la shinikizo linaloendeshwa na kompresa, ili viputo vibanwe mpaka visionekane. Tungi hilo sharti liwe limeundwa kwa kazi hiyo. Chombo kisicho imara huweza kupasuka na kujeruhi.

Unyevu nao ni tatizo. Resini ya poliurethani ikikutana na maji hutoa gesi na kuumuka kama maandazi. Kwa anayeishi katika miji ya pwani kama Dar es Salaam au Mombasa, chupa iliyoachwa wazi inaweza kuharibika upesi, na joto nalo hupunguza muda wa kumimina kabla mchanganyiko haujaganda.

Nakala ikitoka, huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa kilainishi, mishono hukwanguliwa, na hupakwa rangi ya msingi kabla ya rangi yenyewe. Kutoka hapo kila mtu ana njia yake. Wapo wanaobadilisha vichwa, wanaoongeza silaha na wanaochonga nguo upya.

Mfano mashuhuri ni wanasesere wa Super Dollfie, waliotolewa na kampuni ya Volks ya Kyoto mwaka 1999. Viungo vyao hushikiliwa na kamba nyumbufu kwa ndani, na mwenye mwanasesere huweza kubadili macho, nywele na rangi ya uso. Hutakiwa kumweka mbali na jua, kwani resini hugeuka rangi ya manjano kadiri miaka inavyopita.

Pamoja na uzuri wake, sanaa hii ina hatari zisizofaa kupuuzwa. Chupa moja kati ya zile mbili huwa na kemikali ziitwazo isosianeti. Mvuke wake huweza kumsababishia mtu pumu, na mwili ukishazoea kuikataa kemikali hiyo, hata kiasi kidogo sana huweza kuleta shambulio.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2023 wanaotumia bidhaa zenye kiwango fulani cha kemikali za jamii hiyo kazini hutakiwa kupata mafunzo kwanza. Anayefanya kazi jikoni kwake hana msimamizi wa kumkumbusha, hivyo ni juu yake mwenyewe kuvaa glavu na miwani, kufungua madirisha na kutumia barakoa yenye vichujio vya mvuke. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo.

Vumbi la msasa nalo lisivutwe. Njia nyepesi ni kusugua kinyago kikiwa kimelowa maji. Watoto wasiwepo karibu, na vyombo vya kuchanganyia visirudishwe mezani kwa chakula.

Suala la mwisho ni la haki. Silikoni ileile inayomwezesha msanii kunakili kazi yake humwezesha mwizi kunakili kazi ya mwenzake. Mtu hununua kinyago kimoja halali, hukitengenezea kalibu, kisha huuza nakala kwa bei ya chini. Nakala hizo mara nyingi huwa ndogo kidogo kuliko asili na mistari yake hufifia, lakini anayeumia zaidi ni msanii aliyetumia miezi kadhaa kufinyanga kinyago mama.

Wajapani walibuni utaratibu wa kuigwa. Msanii anayetaka kuuza kinyago cha mhusika wa filamu katika Wonder Festival huomba idhini mapema kupitia waandaaji, ambao huwasilisha ombi kwa mwenye haki. Akikubaliwa, hulipa ada na kuruhusiwa kuuza siku ile ya tamasha tu. Kilichobaki hakiuzwi tena bila idhini mpya.

Ikumbukwe kwamba Japani, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda kazi za sanaa, hivyo umbali wa bahari haumpi mtu ruhusa ya kunakili.

Kwa anayetaka kujaribu, ni vyema aanze na kitu kidogo alichokifinyanga mwenyewe, chenye upande mmoja bapa, ambacho kalibu yake humiminwa mara moja tu. Kwa njia hiyo atajifunza vipimo, atapoteza resini kidogo, na kitakachotoka kitakuwa mali yake halali.