Fahamu: Biebuyck, mtafiti wa Wabembe na Mwindo
Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa utamaduni wa jamii za watu, alizaliwa Ubelgiji mwaka 1925, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza utafiti miongoni mwa Wabembe, ambao milima yao ya Fizi hushuka hadi Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, sifa yake kubwa ilitoka kaskazini, kwa Wanyanga, ambako mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza kwa siku 12 karisi, yaani utendi wa shujaa, inayomhusu Mwindo. Biebuyck aliichapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga, kisha mwaka 1981 akarejea kwa Wabembe kwa kuchapisha utafiti kuhusu sanamu za Ubembe.