Jiwe la Sagranus halina siri

Kila nikionyesha picha ya jiwe la St Dogmaels, magharibi mwa Wales, swali la kwanza ni lilelile: "Haya ndiyo maandishi ya siri ya Wadruidi, wale makuhani wa kale?" Hapana. Nimeshalijibu mara nyingi mno.

Mikato iliyopangwa kwenye ukingo wa jiwe lile inaitwa ogamu. Ni alfabeti ya herufi 20, makundi manne ya herufi tano tano: mkato mmoja hadi mitano, kulia kwa ukingo, kushoto, au mshazari kuuvuka, irabu ni vijikato vifupi juu ya ukingo wenyewe. Hesabu mikato, tazama upande, herufi umeipata.

Tena usoni mwa jiwe hilohilo kuna Kilatini: SAGRANI FILI CUNOTAMI. Ukingoni, kwa Kiayalandi cha kale: SAGRAGNI MAQI CUNATAMI. Fili na maqi yote ni "bin". Jiwe la Sagranus bin Cunotamus, basi. Mwenye siri gani huichonga pamoja na tafsiri yake?

Na hao Wadruidi, Julius Caesar aliandika kwamba kwao ilikuwa mwiko kuyaandika mafundisho yao. Wanafunzi waliyakariri miaka na miaka. Jeshi la Roma liliwavunja kisiwani Anglesey karibu mwaka 60. Mawe ya ogamu ya Wales ni ya karne ya 5 na ya 6, kazi ya jamii zenye asili ya Ayalandi zilizovuka bahari, na Ukristo ulikuwa umeshaingia. Hapo katikati pana kama miaka 400! Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu alichongewa jina lake na la babake ili asisahaulike, nasi tunamfuta kwa kumgeuza fumbo.

Ukitaka kusoma mwenyewe: jiwe la nje liendee jua likiwa chini; la ndani ya kanisa, kama hili, limulike kwa tochi kutoka ubavuni, kivuli kijae kwenye mikato. Anzia chini, panda na ukingo. Piga picha nyingi ukihamisha mwanga. Chaki usipake, maana utachora ulichokisia badala ya kilichochongwa. Brashi ya waya iache nyumbani. Likikushinda, nenda kanisa la Nevern, ambako jiwe la Maglocunus bin Clutorius limelazwa kuwa kizingiti cha dirisha: ogamu na Kilatini, vyote viwili, kwa jicho tupu.