Unampeleka mtoto chuo nje ya nchi? Begi la afya lisifungwe mwisho

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, Kariakoo hupata wateja wa aina yake. Utawaona wazazi na vijana wao Mtaa wa Kongo na Msimbazi wakipatana bei ya mabegi ya matairi, mashuka na masweta. Wengine wanaendelea mpaka Karume kuchambua makoti ya mtumba. Mtoto amepata chuo India, China, Uturuki, Uganda au Uingereza, na familia imeamua kumsindikiza mpaka mlango wa bweni.

Ni uamuzi mzuri kwa wenye uwezo nao. Tatizo ninaloliona kliniki ni kwamba familia nyingi hufika kwa daktari zikiwa zimebakiza siku tatu za safari. Unga wa ugali umeshapakiwa, viungo vya pilau vimeshafungwa kwenye mifuko, na ndipo mama anasema, "Dokta, tuandikie na dawa kidogo za kubeba." Siku tatu hazitoshi. Anza wiki sita hadi nane kabla ya safari, na wiki hii, ndugu msomaji, nitakueleza kwa nini.

Chanjo na vyeti

Tafuta kwanza kadi ya kliniki ya mtoto, ile ya utotoni. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, hivyo kijana wa sasa huenda aliipata, lakini "huenda" si jibu. Kama kadi imepotea, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama ana kinga. Akihitaji kuanza upya, dozi ni tatu na kwa kawaida huchukua miezi sita, kwa hiyo nyingine atazimalizia hukohuko. Anayekwenda kusomea udaktari, uuguzi au maabara asiondoke bila kulimaliza suala hili.

Surua nayo iangaliwe. Dozi ya pili iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2014, na mwaka huohuo kulikuwa na kampeni kubwa ya surua na rubella kwa watoto wa chini ya miaka 15. Muulize mtoto kama alichanjwa shuleni. Kwa binti, uliza pia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Na kwa kuwa bweni ni mahali pa msongamano, zungumza na daktari kuhusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Homa ya manjano ina masharti yake. Uganda humtaka kila anayeingia awe na cheti, na nchi nyingine hutegemea ulikotokea au ulikopitia. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Kwa wakazi wa katikati ya jiji, Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, ulizia huduma hiyo hapo. Tafadhali usinunue kadi iliyogongwa mhuri bila sindano. Kadi ya namna hiyo inaweza kumvusha mtoto uwanja wa ndege, lakini haimkingi na ugonjwa. Mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, mjamzito au mwenye mzio mkali wa mayai amweleze daktari kabla ya kuchomwa.

Nchi nyingine zina vipimo vyake. Uingereza humtaka mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita awe na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki waliyoiidhinisha wenyewe, na cheti hicho hudumu miezi sita. China ina fomu ya uchunguzi wa afya kwa wanafunzi wa muda mrefu, yenye picha ya kifua na vipimo vya damu. Vipimo hivi vikionyesha tatizo, unahitaji muda wa kulitibu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosubiri wiki ya mwisho.

Meno na macho yakaguliwe hapahapa. Bima nyingi za wanafunzi hazigusi meno, na jino lililokuwa linauma kidogo Dar linaweza kumaliza pesa ya chakula ya mwezi ugenini.

Mtoto ajue kuusema ugonjwa wake

Nikikaa na kijana wa miaka 19 na mama yake, nikauliza, "Unatumia dawa gani?", mara nyingi anayejibu ni mama. Nikiuliza mara ya mwisho alibanwa na kifua lini, anamwangalia mama. Mama anakumbuka kila kitu: mwaka, hospitali, hata rangi ya vidonge. Lakini mama hatakuwapo usiku ule kijana atakapobanwa tena.

Kama mtoto wako ana pumu, kisukari, kifafa au selimundu, tumieni wiki hizi zilizobaki kumfundisha mambo manne: jina la ugonjwa wake, jina la kitaalamu la dawa na dozi yake, dalili zinazomtaka aende hospitali mara moja, na dawa zinazomdhuru. Aje kliniki, wewe ukae pembeni, yeye ndiye azungumze.

Nasisitiza selimundu kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani. Baridi, kukosa maji ya kutosha mwilini na maambukizi huchochea maumivu makali. Kijana huyu anaweza kufika katika mji ambao madaktari hawaioni mara kwa mara. Akiingia hospitali akilia kwa maumivu bila barua wala maelezo, anaweza kucheleweshewa tiba. Abebe barua ya daktari yenye kundi lake la damu, kiwango chake cha kawaida cha damu, dawa anazotumia kama hydroxyurea, na mara alizolazwa au kuongezewa damu. Anywe maji mengi ndani ya ndege, na avae nguo kadhaa nyepesi zinazopandana. Koti moja zito halitoshi.

Dawa: zipi zibebwe, zipi ziachwe

Usiingie duka la dawa ukanunua mfuko wa Amoxicillin na Metronidazole "za dharura". Kila homa ikitibiwa kwa antibayotiki nusu dozi, siku ya ugonjwa wenyewe dawa itakuwa imechoka. Parasetamo, dawa ya kuongeza maji mwilini, plasta na dawa zake za kila siku zinatosha.

Dawa za kila siku zibaki kwenye pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza, na zikae kwenye begi la mkononi. Insulini isiwekwe kamwe kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, inaweza kuganda. Na uwe makini na dawa za maumivu. Tramadol na dawa za kikohozi zenye kodeini hudhibitiwa vikali katika nchi kadhaa, zikiwamo za Ghuba ambako ndege nyingi hupitia. Dawa aliyokupa jirani kwa ajili ya mgongo inaweza kuwa kesi uwanjani. Vivyo hivyo unga wa miti shamba usio na maelezo.

Homa baada ya kuondoka Dar

Hili mwambie mtoto wako mara mbili. Mtu anaweza kuondoka Tanzania akiwa na vimelea vya malaria mwilini na akaugua wiki kadhaa baadaye. Aina tunayoiogopa zaidi, ambayo ndiyo iliyoenea kwetu, kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu. Hapa kwetu mwenye homa anakimbilia kupima malaria. Kule, daktari katikati ya msimu wa baridi anawaza mafua. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye homa aseme sentensi moja kabla ya nyingine zote: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha.

Kuna upande wa pili. Akikaa ugenini mwaka au zaidi, kinga aliyojijengea dhidi ya malaria hupungua. Anaporudi likizo hapaswi kujiona mzoefu. Alale kwenye chandarua, na kabla ya kuja amuulize daktari wa huko kuhusu dawa za kujikinga.

Wazazi nanyi ni abiria

Baba ana presha, mama ana kisukari, na wote wawili wanahangaikia kijana. Pimeni kabla ya kusafiri na bebeni dawa za kutosha, pamoja na za wiki moja ya ziada. Mumbai ni takriban saa sita kwa ndege, Guangzhou ni zaidi. Safari ya kukaa kwa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, lakini hupanda kwa mwenye uzito mkubwa, mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyewahi kuganda damu. Simama utembee, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali usisubiri kufika nyumbani. Anayechoma insulini na kwenda China, ambako saa zinatangulia zetu kwa tano, apange ratiba ya sindano na daktari wake kabla.

Siku za kwanza mkiwa huko

Mkifika, msimalize siku zote kununua mapazia na sufuria. Nendeni pamoja kituo cha afya cha chuo. Muulize mtoto, naye ndiye aulize mapokezi: bima inalipia nini, usiku anakwenda wapi, duka la dawa liko wapi. Kadi ya NHIF aliyokuwa akiitumia Dar haitamsaidia pale. Uingereza, ada ya huduma ya afya kwa mwanafunzi hulipwa wakati wa kuomba viza, na tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Hivyo ameshalipia, ajiandikishe kwa daktari wa eneo lake asisubiri augue. Ahifadhi kwenye simu namba ya dharura: 112 India, 999 Uingereza, 120 China, 911 Marekani.

Jambo moja huwashtua wazazi wetu. Akishafika miaka 18, katika nchi nyingi hospitali na chuo havitakueleza habari za afya yake bila ridhaa yake, hata kama ada unalipa wewe. Zungumzeni mapema. Kama anakubali, ajaze fomu ya kuruhusu wewe upewe taarifa, na akuandike kama mtu wa kupigiwa dharura ikitokea.

Mjiandikishe pia ubalozi wa Tanzania. Wuhan ilipofungwa tarehe 23 Januari 2020, na vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, kulikuwa na wanafunzi wa Kitanzania katika nchi zote mbili. Siku kama hizo, mtu ambaye ubalozi haujui yupo ni vigumu kumfikia.

"Niko sawa" ina maana gani?

Kukumbuka nyumbani ni kawaida, na kwa wengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Tunachokitafuta ni mabadiliko yanayozidi wiki mbili: halali au analala mchana kutwa, hali, haendi darasani, amejitenga na wenzake, sauti imekuwa ya kujibu tu. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona. Akisema amechoka kuishi au anaona ni mzigo kwa familia, hiyo ni dharura. Kaeni naye kwenye simu, mtafute mtu aliye karibu naye afike chumbani, na piga simu chuoni.

Kinachomnyamazisha mara nyingi ni deni. Anajua baba aliuza kiwanja, anajua shangazi walichanga. Ukimwambia kila Jumapili, "Kumbuka tulikotoka," hataweza kukuambia kwamba amefeli somo au kwamba halali. Mwambie waziwazi kabla hujapanda ndege ya kurudi: "Ukiugua au ukishindwa, nataka niwe wa kwanza kujua. Pesa tutaitafuta tena." Halafu siku akikuambia, usigombe.

Wewe nawe jiangalie. Mama mmoja mwenye duka Kariakoo alinijia na presha iliyopanda, wiki tatu baada ya kumpeleka kitinda mimba wake Pune. Dawa alikuwa ameacha, kula alikuwa anakula mara moja. Akaniambia, "Dokta, napika kikombe kimoja cha mchele, nakiona kingi." Tulimrudishia dawa, tukakubaliana awe anakula na dada yake aliye mtaa wa pili, na ampigie mwanawe siku walizopanga, si kila saa. Presha ilishuka. Huzuni ya mzazi ni ya kweli, nayo inahitaji kuambiwa mtu.

Kama safari yenu ni Septemba, wiki hii tafuta kadi ya kliniki ya mtoto. Ukiipata, njoo nayo, na yeye mwenyewe aje.